Vokali za Kumeza

Mwalimu wetu mpya wa Kiingereza alituapia kwamba Waingereza hawatamki vokali zote. Yenye mkazo huitamka, nyingine huzimeza. "Banana" ina a tatu, lakini ni ya katikati tu inayopewa haki yake. Upuuzi mtupu! Kwetu Myamba tunaitana kutoka mlima hadi mlima, na vokali uliyoimeza haivuki bonde.

Ila mtihani ni mtihani. Nikasimama nyuma ya nyumba nikafanya mazoezi kama tunavyosema kila kitu, kwa kupaza sauti. Ng'ambo ya bonde, shangazi akasikia mtu analia mara moja kisha anakata pumzi. Akapiga yowe, na kwetu yowe haliulizwi, hubebewa machela. Kabla sijafika "tomato", majirani walishanifunga kwenye machela kwa kanga, tunateremka mlima.

"Siumwi!" nikafoka.

"Nyamaza, usimalize nguvu."

Nikawatamkia "banana" ili waelewe. Wakaanza kukimbia.

Zahanatini, nesi akauliza naumwa nini. Mama, kandambili zangu mkononi, akajibu, "Kiingereza."

Nikatundikiwa dripu.