Matufaha Makubwa ya Dhankala

Mwaka aliorudi kutoka Japani, Dhankala Mahatara alipanda ngazi akaanza kuchuma matufaha machanga, madogo kama maharage, na kuyatupa chini. Kila kishada alikibakizia tunda moja tu. Mzee Ransur, baba mkwe wake, aliyeipanda miti ile kwa mikono yake, alisimama akitazama kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

"Mkwe wangu, wamekuroga huko?"

"Baba, mti hauwezi kulea watoto wote. Ukiwaacha wote wanadumaa. Kwa Bibi Kusakabe, kule Japani nilikofanya kazi, tufaha moja linajaza kiganja, linauzwa peke yake, limefungwa kama zawadi ya arusi."

"Na sisi tutakula karatasi ya zawadi?" akadakia Jaykala, wifi yake, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua sikukuu.

Dhankala aliendelea kuchuma. Alikuwa na lake moyoni. Mumewe, Nandabir, miaka nenda miaka rudi alikuwa Shimla, nchi jirani, akibeba mgongoni matufaha ya watu wengine, huku ya nyumbani kwao, madogo na yenye madoa, yakiliwa na ng'ombe. Dhankala alikuwa amemwambia kwenye simu: mwaka huu miti yako mwenyewe itakuweka nyumbani. Mzee alitamani kumwona mwanawe kuliko alivyolionea uchungu tunda lolote, basi akameza mate, akamwachia mkwewe shamba zima.

Na kweli matufaha yakanenepa. Majirani kutoka ng'ambo ya mto Tila walivuka kuja kuyatazama. Jaykala alilishika moja, akaligeuza huku na huku akitafuta kasoro, asiione.

"Haya, wifi, umenifunga mdomo."

"Andikeni siku," alisema Mzee, "maana haitatokea tena." Wakacheka wote, na Dhankala akacheka kuliko wote, masikini.

Mavuno yalipokaribia, mchana mmoja mbingu ikawa nyeusi upande wa juu, na mvua ya mawe ikashuka. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Kwa majirani, vitunda vyao vilivyosongamana vilipigwa vingi, vichache vikaponea majanini. Kwa Dhankala hapakuwa na cha ziada cha kuponea. Kila tufaha lililokuwa mtini lilikuwa ndilo, na kila moja lilipasuka au kuanguka.

Alipoketi kwenye tope ndipo alipoukumbuka wavu. Shamba zima la Bibi Kusakabe lilifunikwa kwa wavu, naye alifanya kazi chini yake misimu yote akisifu kivuli. Wavu ule ulinunuliwa na ushirika wa kijiji. Na mawe yakiupasua, ushirika ulikuwa na bima. Jioni za mikutano bibi yule alimwambia, "Twende ukasikilize." Dhankala alikuwa amechoka, akabaki kulala. Tusimlaumu, nani asingelala? Lakini ujuzi wa mikono aliurudisha wote nyumbani, na ule wa majirani kukaa kitako, kugombana na kukubaliana akauacha huko huko. Sasa akienda kuwagongea watu milango awaambie tununue wavu pamoja, nani atamsikiliza?

Mzee Ransur aliinama, akaokota tufaha lililopondeka, akakata upande uliobaki mzima kwa kisu chake, akala polepole.

"Tamu," alisema. "Ulikuwa unasema kweli, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Mawe uliyatupa wewe?" Akafuta kisu kwenye suruali. "Mpigie Nanda. Mwambie asiache kazi."

Simu iliita mara moja tu. Kabla Dhankala hajafungua kinywa, sauti ya mumewe ilimfikia katikati ya honi na kelele za wapiga debe.

"Nilitaka kukushtukiza! Niko Surkhet, natafuta basi la kuja huko. Kazi nimeacha, nimewaaga wote. Na nimenunua maboksi, mke wangu, yale yenye vyumba vyumba, kila tufaha na chumba chake, kama ulivyoniambia. Kondakta anataka kuyatupa nje, nimemwambia atanitupa mimi kwanza! Haya, sema. Umeanza kuchuma?"

Dhankala alimtazama Mzee. Mzee aligeuka akatazama mto.

"Bado," alisema. "Njoo tu. Njoo salama."