Askari wa Italia ya Plasta

Kule Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, ukimuulizia Gaël mchana, majirani walikujibu bila kucheka: "Ameenda Italia." Mgeni alishangaa, wenyeji walijua. Kaskazini mwa mji kuna jengo kubwa la maduka, mikahawa na kamari, lililojengwa kwa mfano wa mji wa kale wa Kiitaliano. Vichochoro vyake vimetandikwa mawe, madirishani zimeanikwa nguo zisizo na mwenyewe, na juu, mahali pa paa, kuna mbingu iliyopakwa rangi ya machweo. Humo jua halichomozi wala halitui. Gaël alikuwa askari wa ulinzi humo kwa mwaka wa nne.

Alizaliwa Bukavu, Kongo, jirani na misheni. Padri mmoja Mwitaliano aliwatundikia watoto wa katekisimu kalenda yenye picha za miji ya kwao: mnara, chemchemi, daraja. Gaël aliapa kuwa siku moja atatembea huko kwa miguu yake. Vita vikamtoa Bukavu, mabasi na malori yakamleta kusini, na siku alipopata kazi hii alimwambia dada yake Denise: "Nilimwomba Mungu Italia, amenipa ya plasta. Kosa ni langu, sikumwambia ipi."

Kazi yake ilikuwa kutembea. Kutoka mnara wa kengele hadi chemchemi, kutoka chemchemi hadi daraja la mbao, kisha kurudi. Mwendo mfupi, mwenye aiskrimu angeumaliza kabla haijayeyuka. Nyuma ya mnara kulikuwa na mlango wa kwenda pakingi, na huko ndiko Elisée, mume wa Denise, alikolinda magari pamoja na Wakongo wenzake, wamevaa vizibao vya njano, wakiishi kwa bakshishi.

Wiki ile ya Septemba 2019 mji uliwaka. Maduka ya wageni yalivunjwa na kutiwa moto, na kila simu ilileta video mbaya kuliko ya jana. Asubuhi Denise aliziba mlango kwa mwili wake.

"Musiende leo. Munataka kuniletea maiti mbili nyumba moja?"

"Tusipoenda, kesho kizibao changu kinavaliwa na mwingine," alisema Elisée. "Na mwenye nyumba haogopi video."

Wakaenda.

Alasiri Gaël alikuwa amesimama chini ya mnara pale wanaume watatu walipomjia. Aliyetangulia alivaa shati la mistari na alikuwa na uso wa upole. Mmoja wa wenzake alibeba koti lililoviringishwa, na ndani ya koti mlikuwa na kitu kirefu kigumu.

"Mfowethu," alisema mwenye mistari, kama Wazulu wanavyomwita ndugu. "Wale makwerekwere wanaolinda magari, wako pakingi ipi?"

Neno hilo la kuwatukana wageni Gaël alikuwa amelisikia mara nyingi, likielekezwa kwake. Kizulu alikielewa chote. Shida ilikuwa kinywa. Asemapo Kizulu au Kiingereza, maneno yalimtoka na Bukavu yote ndani yake. Sare ilikuwa imemfanya mwenyeji mbele ya watu hawa. Sentensi moja ingemvua.

Akashika shavu, akakunja uso kama mwenye jino bovu, na kwa mkono wa pili akaonyesha upande wa darajani, mbali na mlango uliokuwa mgongoni kwake.

"Jino?" aliuliza mwenye mistari.

Gaël akaitikia kwa kichwa.

"Eish, pole. Basi tupeleke. Humu ndani kila kichochoro ni pacha wa kingine."

Hilo hakulitarajia. Akatangulia. Simu yake ilikuwa imefungiwa kabatini, kama ilivyo amri kwa kila askari. Redio ya begani ilifika chumba cha kamera tu, na kuitumia kulihitaji sauti. Kwa hiyo alitembea, na nyuma yake walitembea wao, kama abiria na kondakta wao.

"Askari bubu huyu!" alicheka mwenye koti. "Mwizi akija atamkamata kwa kumkodolea macho?"

"Mwache. Jino likikushika vizuri, hata jina la mama unalisahau."

Kwenye chemchemi watu walikuwa wanapiga picha. Mwenye mistari akamshika Gaël bega. "Simama."

Gaël alisimama. Alimwona yule mtu akitia mkono mfukoni, akafumba macho, akamtaja Mama Maria kimoyomoyo. Alipofumbua, kiganjani kwa yule mtu palikuwa na kidonge.

"Meza. Mama yangu anafanya kazi kliniki, mimi sitoki nyumbani bila dawa."

Wakamsubiri. Gaël akakimeza kikavu, kikamkwaruza koo lote.

"Kitakusaidia, ndugu yangu. Usiku usilale njaa, kinaumiza tumbo."

Hilo ndilo lililomtisha kuliko fimbo iliyokuwa kotini: mtu huyu alikuwa mwema. Angekuwa na pembe, ingekuwa rahisi. Aliyelionea huruma jino la asiyemjua alikuwa amekuja kuvunja mifupa ya mume wa Denise, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kwa amani, bila kugombana. Nani alimfundisha kuwa wageni ndio wanaomnyima kazi? Waliomnyima kazi hawalindi magari wala hawapangi chumba Rosettenville. Wamekaa juu, nyuma ya vioo, na hakuna anayekuja na fimbo kuuliza pakingi yao iko wapi.

Daraja likafika. Ng'ambo yake palikuwa na mikahawa, meza, watoto wanaolamba aiskrimu, na mlango mmoja wa kutokea nje.

"Magari yako wapi?" aliuliza mwenye mistari. Sauti ilikuwa imebadilika kidogo.

Gaël akaonyesha mlangoni. Mwenye koti akachungulia kupitia kioo. "Hapa ni bustani tu."

Redio ikakwaruza. Alikuwa Zandile, msimamizi wa kamera. "Nane-nne, mbona umeacha mnara? Jibu."

Nane-nne ndiye Gaël. Hakujibu.

"Nane-nne, jibu!"

"Mjibu bosi wako," alisema mwenye mistari, akimtazama sasa machoni. "Neno moja halitakuua."

Gaël alimfikiria Elisée kule nje, mgongo wazi, akipungia gari mkono. Alitamani kulia. Akabonyeza redio, akasema kwa Kiingereza, na kila neno lilitoka limevaa Bukavu: "Nane-nne. Niko darajani. Watu watatu hapa wanatafuta walinzi wa magari, wanataka kuwapiga. Tafadhali, leteni watu."

Mtoto mmoja alidondosha aiskrimu, mama yake akamkemea.

"Kumbe wewe ni mmoja wao," alisema mwenye mistari. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu aliyeibiwa. "Na nimekupa dawa yangu."

Mwenye koti alipiga hatua mbele. Yule wa tatu akamzuia kwa mkono, akaitazama kamera iliyokuwa ukutani. "Si humu. Tuzunguke kwa nje. Huyu ametupeleka kinyume, basi pakingi iko upande wa pili." Wakausukuma mlango, wakatoka.

"Nane-nne, nimewaita polisi!" alisema Zandile. "Baki hapo hapo, umenisikia? Usiondoke!"

Kulizunguka jengo lile kwa nje ni safari. Kwa ndani ni njia fupi. Gaël akakimbia. Daraja, chemchemi, mnara; mgeni mmoja alimpigia makofi, akidhani ni mchezo wa kuigiza. Akaupiga mlango kwa bega, na mwanga wa jua la kweli ukamchoma macho.

Elisée alikuwa akielekeza gari. "Kuja, kuja, kuja... sharp, sawa, simama!" Akageuka. "Iko nini, shemeji? Umeona shetani?"

"Wanakuja. Vua kizibao."

Elisée aliutazama uso wa shemeji yake, akavua. Kisha akatazama safu za magari. "Na wenzetu?"

Hofu ilimwambia Gaël amvute shati wakimbie wawili, kwa kuwa Denise alikuwa na hao wawili tu. Mkono wake ulikwisha kulishika shati. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe. Wiki nzima Wakongo walikuwa wakinong'ona barabarani, sasa Gaël alipiga kelele kwa Kiswahili, kwa nguvu zote za kifua, juu ya mapaa ya magari ya watu: "Damien! Gustave! Acheni magari! Tokeni kwa lango la nyuma, wanakuja!"

Vichwa vikachomoza hapa na pale. Vizibao vya njano vikaanguka kwenye lami. Watu wakakimbia wameinama. Gustave, mkubwa wao, alikuja akichechemea kutoka mwisho kabisa wa pakingi.

"Tangulia," Gaël alimwambia Elisée. Akarudi, akaupitisha mkono wa Gustave shingoni kwake, wakaburutana.

"Usikimbie sana, kijana, goti langu si la Italia," alihema Gustave.

"Papa Gustave, tafadhali nyamaza, tembea."

Walipolivuka lango, shati la mistari lilikuwa linajitokeza kwenye kona ya jengo, na pakingi nzima ilikuwa magari tu.