Nasadiki kwa Mtindo wa Chuoni

Kwenye misa za Ijumaa kule Ghala, maana huku kwa Waarabu Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, kazi yangu ilikuwa kukunja miguu. Ukifika wakati wa komunyo, watu wa benchi letu wanasimama, Wahindi, Wafilipino, akina dada wa Kenya wenye marashi mazuri, na mimi nabaki nimekaa, nakunja miguu pembeni ili wapite. Wakirudi, nakunja tena.

Nilibatizwa nikiwa mchanga, lakini komunyo ya kwanza sikuwahi kuipata. Baba alikuwa kibarua wa mashamba ya tumbaku, na tulihama kila alipopata shamba jipya. Nikianza mafundisho kwenye kigango kimoja, tunahama kabla sijamaliza. Nikifika kwingine naanzishwa upya na ishara ya msalaba. Ishara ya msalaba naijua vizuri sana.

Basi nikiwa mtu mzima, na kazi ya ndani huku ugenini, mtaa wa Hail, si mbali na Ghala, nilijiandikisha tena. Nikaanza kuota, na mimi nikianza kuota sina breki. Nipo kwenye sinki naparua samaki, lakini kichwani nina gauni jeupe, kwaya inapandisha sauti, nami natembea katikati taratibu kama bibi harusi asiye na haraka.

Tatizo lilikuwa masomo yenyewe. Yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kununulia sabuni. Mwalimu wetu, nesi Mkenya, alinihurumia. "Usijali, dada, tutasukumana," akasema, akawa ananirekodia sala na majibu kwa Kiswahili na kunitumia kwenye simu. Kabla ya Pasaka padri angetuita mmoja mmoja kutuuliza. Ambaye hajawa tayari angesubiri mwaka mwingine. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha baada tu ya Pasaka. Mwaka mwingine sijui ningekuwa kwenye nyumba gani, nchi gani.

Mama yake bosi wangu, mzaliwa wa Unguja, tulimwita Bibi. Kiswahili chake kitamu hata akigomba. Siku moja akanikuta jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya siki, nafuatisha Nasadiki na kukwama palepale.

"We mtoto, unazungumza na majini?"

"Nasoma sala zetu, Bibi. Nina mtihani kwa padri."

"Mtihani wenyewe ndo huo unaoumumunya kama kibogoyo? Hebu kaa kitako."

Nikakaa. Bibi alihifadhi Kurani chuoni akiwa mtoto, kwa mwalimu mwenye bakora, na hakujua njia nyingine ya kuweka maneno kichwani. Unakaa sakafuni, unatikisika mbele na nyuma, unavuta sauti mwisho wa kila mstari, na ukikosea unarudi mwanzo. Yeye mwenyewe hakutamka hata neno moja la sala zangu. "Hayo yako weye na Mola wako," alisema. "Mie nnasikiliza ulimi tu." Lakini masikio yake! Niliruka neno moja kwenye sala ya kutubu, mwiko ukagonga meza.

"Jana hapo hukusema hivyo. Rudi mwanzo!"

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima ziliingiliana. Nikamwambia kwa furaha kwamba tunafunga pamoja. Akakitazama kikombe changu cha chai, nilichokuwa nimekificha nyuma ya sufuria.

"Kufunga gani huko kwenye chai ya maziwa?" Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Alasiri, kabla ya kukaanga sambusa za futari, ndipo tulipokaa. Wajukuu wanapita, wananicheka kwa Kiarabu, nami natikisika.

Siku ya kuulizwa ikafika. Ofisi ndogo, padri Mhindi mwenye sauti ya upole, nesi wangu kando akitafsiri. Nikaambiwa niseme Nasadiki. Nikafumba macho, nikaanza. Ulimi ukateleza wenyewe, sauti ikavutika mwisho wa kila mstari, na mwili nao, Mungu wangu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kiti kinalia kwi, kwi. Kufumbua macho, nesi kaziba mdomo na padri kainua mkono.

"Anauliza hii sauti umeitoa wapi," nesi akasema.

"Kwa Bibi."

"Bibi yako ni Mkatoliki wa wapi?"

"Si Mkatoliki, dada, ni Mwislamu. Amenifundisha walivyofundishwa wao chuoni."

Padri alipotafsiriwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniomba niendelee pale nilipoishia, polepole. Hapo ndipo nilipokwisha. Maneno yangu yalikuwa yameshikana mikia, la kwanza linalivuta la pili. Ukiyakata katikati, huna kitu. Nikarudi mwanzo. Akanisimamisha, akauliza maana ya mstari mmoja. Nikarudi mwanzo tena. Machozi yakanilenga. Niliiona Pasaka ikipita bila mimi.

Padri akaweka kitabu chini, akasema kitu kifupi.

"Anasema achana na sala kwanza," nesi akaniambia. "Kwa nini unataka kupokea?"

Hilo halikuwa kwenye rekodi. Nikasema tu lililokuwapo moyoni. "Mwambie padri, kila Ijumaa Yesu anafika pale mbele, na mimi nakunja miguu wenzangu wakampokee. Nimechoka kuwa mlango, dada. Nataka na mimi niende."

Nesi akatafsiri. Padri akauliza jambo moja zaidi: kile kinachoonekana kama mkate, ni nini?

"Ni Yeye," nikajibu.

Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nitafute mshumaa wa kushika siku ya Pasaka.

Nyumbani Bibi alinidaka mlangoni. "Umefika mwisho?"

"Sikufika, Bibi. Alinikata katikati, nikapotea. Lakini nimepita."

"Umepita na hujamaliza? Padri wenu mpole mno. Kaa kitako."

Mtihani ulikuwa umekwisha, lakini nilikaa. Safari hii alinikata makusudi kila mahali, na kuniamuru niendelee hapohapo, siku baada ya siku, mpaka nikaweza.

Pasaka nilipokea. Niliporudi, macho yamenivimba kwa kulia, Bibi alikuwa ameniwekea sahani ya pilau na kuifunika.

"Moyo umetua sasa?"

"Umetua, Bibi."

"Haya kula, inapoa."