Injini Niliyoifungua kwa Siri

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka saa kwa saa, mimi huyu ninayesahau miwani nimeiweka wapi. Ni siku ambayo Land Rover ya kaka yangu ilizimika katika barabara ya Mikumi, mbele kidogo ya Ulaya. Nasema Ulaya yetu, kijiji cha huku kwetu Kilosa, si ile ya Wazungu. Madereva wa zamani walikuwa na utani wao, kwamba gari la Mwingereza lilitoka Ulaya likaja kufia Ulaya. Walicheka sana. Mimi sijawahi kuucheka utani huo, na leo nitakuambia sababu.

Kaka yangu aliitwa Selemani. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, mama akamfuata kabla sijamaliza la saba, basi Selemani ndiye aliyenilea. Alikuwa dereva wa shamba la mkonge. Alinipeleka Morogoro kujifunza umakanika, na kila nilipokuja likizo alinipokea stesheni kwa baiskeli, ananipakia nyuma na sanduku langu kama mtoto, nami nimeshaota ndevu. Baadaye shamba lilipopunguza magari akajipatia Land Rover kuukuu, ile ndefu tuliyoiita wan-o-naini, rangi yake ya kijani imepauka, injini ya petroli ya silinda nne. Akawa anabeba abiria na mizigo kati ya Kilosa na Mikumi.

Gari lile lilikuwa la polepole. Kilima kidogo tu linaguna kama mzee anayeinuka mkekani. Selemani hakujali. "Linanifikisha na linanirudisha," alikuwa akisema. "Unataka lipae?"

Mimi nilitaka lipae. Nilikuwa nimerudi kutoka Morogoro na cheti mkononi, na ujuzi mchanga, mwanangu, una joto kama homa. Nilikuwa nimejifunza kwamba injini ile ya Kiingereza ilijengwa kwa uvumilivu, si kwa mbio, na kwamba ukijua pa kugusa unaweza kuiongezea nguvu. Nilimweleza kaka mara mbili. Mara zote mbili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Liache lilivyo, mdogo wangu."

Mwezi mmoja tukapata msiba wa mjomba wetu kule Lumuma. Kaka aliondoka na watu wengine kwa lori, akaniachia ufunguo. "Badilisha oili," akaniambia, "na ukaze mkanda wa feni. Usifungue kitu kingine."

"Nimekusikia, kaka."

Nilimsikia, ndiyo. Kusikia si kutii.

Alipotokomea tu, nikaifungua injini. Nikatoa hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda, nikaipeleka karakana ya shamba la mkonge ambako rafiki yangu alikuwa na mashine. Ukiikwangua hedi upande wa chini ikapungua unene kidogo, hewa na petroli hubanwa zaidi ndani, na moto wake husukuma kwa nguvu zaidi. Ni kazi halali, mafundi wa kweli huifanya. Lakini huifanya kwa kipimo, na kwa kujua petroli gani itatumika na gari litabeba nini. Mimi nilikadiria. Nilipopima baada ya kukwangua niliona nimepitiliza. Fundi mwenye akili angeitupa hedi ile pembeni akaanza upya. Nikajiambia, ah, ni kidogo tu. Nikaifunga hivyo hivyo, nikaweka na kabureta kubwa, ile inayochanganya petroli na hewa, niliyoitoa kwenye gari bovu.

Sitaki ufikiri nilifanya kwa ubaya. Nilimpenda kaka yangu. Nilitaka akirudi akanyage mafuta, macho yamtoke, ajue kwamba ile baiskeli ya stesheni haikumbeba mtu bure.

Na kweli macho yalimtoka. Alikwenda nalo mpaka darajani akarudi anacheka. "Athumani! Umelifanya nini gari? Limekuwa kijana!"

Pale, mwanangu, ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nikauona na nikaupita. "Nimebadilisha oili, kaka. Na plagi."

Akanipiga begani kwa furaha. Nilidhani nitamwambia siku nyingine, akishalizoea.

Wiki tatu zikapita. Sasa shemeji yangu Mwanaidi, mke wa Selemani, alikuwa mjamzito. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto, na majirani walishaanza kumpa ushauri ambao hakuuomba. Mimba ile ilikuwa furaha ya mtaa mzima. Asubuhi moja uchungu ukamshika kabla ya wakati. Daktari akaja nyumbani, akampima akasema mtoto amekaa vibaya, atahitaji kupasuliwa, na mpasuaji wiki ile alikuwa Mikumi. Selemani hakusubiri gari lingine. Alikuwa nalo lake.

Nakumbuka alivyotoka mbio ndani ya nyumba, shati kifungo kimoja juu kimoja chini. Lakini pamoja na haraka yake yote alifungua boneti. Nilimwona. Akafungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, akaongeza maji kwa kopo la bati mpaka yakafurika, akafunga. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Tukaondoka, yeye kwenye usukani, mimi nyuma nimemshika shemeji asirushwe na mashimo. Jua lilikuwa limeshawaka. Selemani alikanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga nyoka, na gari likaitika, likapanda vilima kwa kishindo, nami, Mungu anisamehe, kwa dakika chache nikajisikia fahari.

Hatujafika Ulaya nikaanza kuisikia. Injini ilikuwa inagonga ndani kwa ndani, mlio mkavu kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Nilijua ni nini. Joto, petroli hafifu, mzigo, na hedi iliyokwanguliwa kupita kiasi. Ilitosha niseme, "Kaka, punguza mwendo, injini haitahimili." Lakini angeniuliza kwa nini haitahimili, nayo siku zote imehimili. Nikanyamaza. Mwanaidi alikuwa ameuma kanga yake, ananitazama usoni, akidhani hofu anayoiona pale ni ya kumhurumia yeye.

Tulipoipita Ulaya, moshi mweupe ukatoka. Gasketi, lile bamba jembamba linalotenga maji na moto, lilikuwa limeungua. Gari likakohoa mara mbili, likasimama.

Selemani akaruka chini, akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Rejeta ilikuwa kavu. Maji yote yalikuwa yameingia ndani ya injini na kutoka kama mvuke. Alisimama pale ameshika kile kifuniko, akaniangalia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia.

"Athumani, asubuhi nilikagua maji?"

Mwanangu, mtu aliyeshikwa na hofu hasahau jambo kubwa, husahau lile alilolifanya kwa mazoea. Hakukumbuka. Alikuwa ananiuliza mimi.

Nikasema, "Sikukuona ukikagua, kaka."

Ni maneno mawili tu na jina la heshima. Nimeyabeba tangu siku ile.

Tulikaa barabarani muda mrefu. Wafugaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe walituona, na wanawake wawili wa Kimasai wakaja wakamvulia Mwanaidi shuka zao, wakazishika juu yake kumkinga jua. Mmoja alikuwa anamfuta jasho na kumwambia, "Pole, mama, pole," maana Kiswahili chake kiliishia hapo, nacho kilitosha. Mimi nilijifanya nashughulika na injini ambayo nilijua haiwezi kuwaka. Lori la mahindi lilipotokea likatuchukua, tukafika Mikumi jua limeshapinda. Wakamwokoa Mwanaidi. Mtoto, wa kiume, hakulia. Na daktari akatuambia kwamba baada ya hapo hatazaa tena.

Niliitengeneza Land Rover peke yangu. Nikatafuta hedi nzima, nikairudisha kabureta ya zamani, na ile hedi niliyoikwangua nikaizika kama mtu anayezika maiti. Nikadhani nimezika na jambo lenyewe.

Lakini Selemani hakuzika. Kila dereva kijana aliyefika pale kwetu Kilosa kupakia abiria, kaka yangu alimwita pembeni. "Kagua maji," alimwambia. "Mimi sikukagua, nikampoteza mwanangu." Alilisema mbele za watu, bila kujificha, kosa ambalo hakulifanya. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika spana, namsikia. Miaka sita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo ya kaka yangu, ananipasha joto, na mimi namla.

Siku moja alikuja karakana kwangu. Alikuwa amekonda. Akaweka ufunguo wa Land Rover juu ya meza.

"Chukua," akasema. "Mimi siwezi tena kuwabeba watu. Wewe ni mwangalifu kuliko mimi. Wewe hukosei."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonivunja. Nikakaa chini juu ya tairi. Nikamwambia yote, tangu Lumuma, hedi, kabureta, ule mlio nilioufahamu kabla ya Ulaya. Nikamwambia, "Ulikagua, kaka. Uliongeza maji mpaka yakamwagika. Nilikuona."

Hakupiga kelele. Alivuta tairi jingine akaketi, uso kwa uso nami. Kisha akasema taratibu:

"Injini ningekusamehe pale pale barabarani. Hata mtoto, ningelia na wewe tukamwachia Mungu. Lakini miaka hii sita, Athumani, kila nikimtazama mke wangu naona ile rejeta kavu. Hii miaka nitaisamehe vipi? Niambie wewe uliyesoma."

Methali inasema mficha uchi hazai, lakini katika nyumba yetu mficha uchi alikuwa mimi, na walionyimwa uzazi ni wengine.

Hakuuchukua tena ufunguo. Walihamia Munisagara, yeye na Mwanaidi, wakalima. Nilikuwa nakwenda kuwaona. Usidhani alinifukuza, Selemani hakuwa mtu wa namna hiyo. Nilimwamkia, "Shikamoo, kaka," naye aliitikia, "Marahaba." Zamani alimalizia na "mdogo wangu." Sasa iliishia hapo, marahaba, kisha tunatazama mahindi. Mwanaidi alinikaribisha chakula mara zote, nikala, na sikuwahi kushiba. Alipofariki kaka nilikwenda kuzika. Nilisimama kwenye mstari na watu wengine nikatupa udongo wangu, na mtu mmoja asiyenijua akaniuliza, "Mzee, marehemu alikuwa jirani yako?"

Mke wangu naye ametangulia. Watoto niliowazaa wapo Dar, hupiga simu Ijumaa. Alasiri nakaa barazani nasikiliza treni hizi mpya zinavyopita bila moshi, nikitafuta wa kumsimulia jambo fulani la zamani, la mama, la ule mti wa mapera wa nyuma ya nyumba, na aliyekuwa akilijua pamoja nami alikuwa mmoja tu.

Mara nyingine vijana wa Mikumi huja kuniuliza habari za Land Rover za zamani. Wanazitia injini za kisasa, kabureta wanatupa, wanawapeleka watalii mbugani. Siwakatazi. Huwaambia tu: ukiongeza nguvu ongeza na breki, angalia na rejeta kama itaweza, na usikadirie kilicho na kipimo chake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hakuna fundi asiyeharibu. Hayo ni mambo ya chuma, na chuma hubadilishwa.

Wewe, mwanangu, nakuusia lililo zito kuliko chuma. Kitu cha mwenzako usikibadilishe bila idhini yake, hata kama unataka kumfurahisha. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla kosa halijapata mtu mwingine wa kulibeba, maana kosa likikosa mwenyewe humpanda asiyestahili, na wenye moyo mwema ndio wanaoinama haraka kulipokea. Usingoje lipoe. Halipoi. Utaogopa kugombezwa, nami nakuambia, kugombezwa na mtu anayekupenda ni jambo la alasiri moja. Baada yake mnakula pamoja.

Mungu akujalie mikono yenye ujuzi na ulimi usioogopa. Akuwekee ndugu zako karibu, na yakitokea ya kutokea, uwe na la kuwaambia wangali na masikio ya kulisikia. Amina, mwanangu. Nenda salama.