Saa ya Mkononi Bado Inampongeza Suparni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kengele inalia kibandani. Ngadiman anaweka kikombe chini, anavaa kofia, anabonyeza swichi, na vizuizi viwili vya rangi nyekundu na nyeupe vinashuka polepole barabarani. Mwanamke mmoja, pikipiki yake imeelemewa na matenga ya mchicha, anajaribu kupenya.

“Rudi nyuma, mama! Mboga hazikimbii, treni ndiyo inakimbia!”

“Na wewe mzee fungua basi, soko litanisubiri?”

Treni ya kwenda Solo inapita. Kanuni ya kazi inamtaka mlinzi wa kivuko cha reli asimame wima nje ya kibanda, uso kwa uso na treni, mpaka behewa la mwisho lipite. Ngadiman, mwenye umri wa miaka hamsini na nne, amesimama hivyo hapa Klaten, Indonesia, zaidi ya nusu ya maisha yake. Zamani, anasema, aliona abiria waziwazi: mtoto aliyebandika pua kwenye kioo, bwana aliyelala mdomo wazi.

“Siku hizi naona mstari wa taa tu. Nyuso zimeniacha.”

Mshahara wake ni rupia milioni mbili na ushee kwa mwezi. Kazini haruhusiwi kulala, kuongea na simu wala kukaribisha mgeni, na ndiyo maana mazungumzo yetu yote yalifanyika baada ya zamu. Watu mamia wanapita mbele ya kibanda chake kila siku. Anayemsemesha, mara nyingi, ni yule anayemtukana kwa kumchelewesha.

Saa kumi na mbili mwenzake anaingia. Ngadiman anatoa baiskeli ya buluu, ya kike, yenye kikapu mbele, anagusa saa ya kisasa iliyo mkononi mwake, na kuanza kunyonga pedali kupita mashamba ya mpunga na mabanda ya kukaushia tumbaku. Dakika arobaini na tano baadaye anasimama jasho likimtoka. Saa inatetema. Maandishi yanatokea: Kalori 378. Hongera, Suparni!

Suparni alikuwa mke wake. Alifariki karibu miaka mitatu iliyopita.

Saa ile ilikuwa ya marehemu. Binti yao wa pekee, Wening, anayefanya kazi ya kumlea mzee mmoja mgonjwa huko Taichung, Taiwani, aliituma baada ya mama yake kunenepa mpaka magoti yakawa yanalia. Aliingiza mwenyewe jina la mama, umri wake na uzito wake: kilo themanini na nne. Kila Suparni alipoendesha baiskeli, hesabu ilifika Taiwani papo hapo, kwenye simu ya binti.

“Aliipenda hiyo saa kuliko mimi,” anasema Ngadiman. “Akirudi ananionyesha, ‘Tazama, nimepongezwa. Wewe ulinipongeza lini?’ Alikuwa na mdomo yule! Nyumba ilikuwa haikauki maneno.”

Kisha shinikizo la damu likampiga siku moja jikoni, na nyumba ikakauka. Wening alipata ruhusa ya siku chache tu. Alipoondoka tena, Ngadiman alibaki na vyumba vitatu, jogoo mmoja na ile saa. Mwaka uliofuata kituo cha afya kikamwambia ana kisukari, na kwamba lazima auchoshe mwili maana kazi yake ni ya kukaa. Akaivaa saa ya mkewe, akapanda baiskeli ya mkewe. Hakubadilisha kitu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilianza kwa kicheko.

Jumapili Ngadiman huendesha na kundi la wazee wenzake, wengi wao wastaafu. Yeyote aliyekaa Klaten anajua kwamba safari hizi za mazoezi huishia kwenye supu ya soto. Kundi hili lina sheria yake: wakishaketi, kila mtu anasoma kalori zake kwa sauti, na wa mwisho ndiye anayelipia chai ya wote. Chai yenyewe ni ile ya hapa, nzito, ya moto, tamu mpaka meno yanauma.

Ngadiman, mwembamba kama ufito na mwenye kasi ya kobe, hakuwahi kulipa hata mara moja.

“Huyu analala huko nyuma kama mzigo, halafu ananishinda mimi!” hulalamika Pak Basirun, yaani Bwana Basirun, kiongozi wa kundi, mwalimu mstaafu mwenye tumbo la haja. “Ngadiman, una tanuri ndani?”

“Chomeni na nyinyi, nani kawakataza?” hujibu Ngadiman, akijisogezea sahani ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa.

Hakula tempe hiyo kwa uroho. Alikula kwa hesabu. Alijiwekea utaratibu: saa ikisema kalori mia tatu na kitu, basi amejipatia haki ya glasi ya chai na vipande viwili vya tempe, tena akaamini kwamba vinalingana na alichokichoma au vinapungua kidogo. Alifanya hivyo Jumapili, na siku nyingine akafanya hivyohivyo peke yake. Vidonge alimeza, pedali alinyonga, na bado kila alipopimwa sukari ilikuwa juu.

Mwezi wa sita muuguzi wa kituo cha afya, Bi Ruwiyati, alimweleza bila kumumunya maneno. Sukari imeanza kula macho. Walinzi wa vivuko hupimwa macho kila mwaka, na mwaka huu asipofaulu kazi imekwisha.

“Nikamuuliza, baba, unafanya mazoezi kweli au unanidanganya?” anakumbuka Bi Ruwiyati. “Akanionyesha saa kwa majivuno. Mia tatu sabini na nane! Nikasema haiwezekani, mwili huu? Panda mzani. Mzani ukasema hamsini na sita. Nikaomba kuona saa inamjua ana kilo ngapi. Loo!”

Hesabu yenyewe si ya kichawi. Kuendesha baiskeli kwa mwendo wa wastani kunakisiwa kuchoma kalori sita kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa. Kilo themanini na nne, kwa robo tatu ya saa, zinaleta 378. Kilo hamsini na sita zinaleta 252. Saa ilikuwa ikimkisia mtu mnene asiyekuwepo tena, na Ngadiman alikuwa akiila ile ziada.

“Na hata hiyo 252 ni makisio,” Bi Ruwiyati anasisitiza. “Saa haijui upepo, haijui kama umeteremka kilima umekaa tu. Tena kalori ulizochoma si vocha ya kwenda kunywea chai ya sukari, hata zingekuwa elfu! Nilimwambia badilisha uzito sasa hivi, hapa mbele yangu. Akavuta mkono.”

Akavuta mkono na kwenda nyumbani. Wiki zikapita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu hakuwa ameficha maradhi, alikuwa amemficha mkewe ndani yake. Mwandishi wa makala haya alikasirika aliposikia, akamwambia: mzee, ni tarakimu mbili tu, zifute.

Alijimiminia chai. Safari hiyo ilikuwa chai isiyo na sukari.

“Nguo zake tuligawa,” alisema. “Kitanda tuliuza. Kilo zile ndizo zilizobaki. Kila asubuhi kuna kitu kinahesabu kana kwamba yeye ndiye kanyonga. Nikiweka kilo zangu, nani tena atamhesabu?”

Kisha akaongeza, kama anayejitetea: “Na Wening je? Kule anaona jina la mama yake linatokea kila kukicha. Nimnyang’anye hata hilo?”

Ilibidi ifike hitima ya siku ya elfu tangu Suparni afariki, ile ya mwisho, ambayo baada yake kaburi hujengewa jiwe na marehemu huachwa apumzike. Majirani walikaa mikekani, wakasoma, wakaondoka na vifurushi vyao vya wali na kuku. Mchana huohuo Ngadiman alimpigia binti yake simu ya video. Alimweleza yote: mzani, macho, tempe. Akamwomba radhi, kwamba itabidi jina na kilo za mama vitoke.

Wening alilia kwanza. Halafu akasema jambo ambalo baba yake hakulitarajia.

“Baba, mimi kila likitokea lile jina naifunga simu haraka, nimgeuze mzee wangu kitandani nisilie mbele yake. Nilidhani wewe ndiye unalitaka. Niliogopa kukuambia.”

“Miaka yote hii?”

“Miaka yote hii, baba. Badilisha. Mimi nataka kujua kama *wewe* umeamka.”

Akamwongoza, gusa hapa, gusa pale. Kilo 56. Jina: Ngadiman.

Jumapili iliyofuata wazee waliketi kama kawaida. Ngadiman alisoma namba yake mpya, na ikawa ya mwisho kwa mbali. Pak Basirun aliruka na kupiga meza.

“Leo ndiyo leo! Tanuri limezimika!”

Ndipo akawaambia. Kwamba kalori zilizowashinda hazikuwa zake. Kwamba chai zote alizokunywa bure alizishinda kwa kilo za Suparni. Mtu mmoja alishika kijiko akasahau kukoroga.

“Kumbe,” akasema Pak Basirun taratibu, “tulikuwa tunashindwa na Bi Suparni.”

“Ndiyo.”

“Basi hakuna deni. Yule hata akiwa hai alikuwa anatushinda.” Kisha akamsukuma begani. “Ila ya leo utalipa, mzee. Usijifanye mfiwa kwenye bili!”

Alilipa. Kundi sasa linaagiza chai yake bila sukari kabla hajafungua mdomo, na tempe yake ni kipande kimoja. Kipimo cha mwisho cha sukari kimeshuka, si sana, lakini kwa mara ya kwanza. Daktari wa macho anasema kilichokwisha kupotea huenda kisirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa.

Nyumba bado ni kimya. Hilo Ngadiman halifichi. Anakula peke yake, anamsemesha jogoo, na jioni nyingine anatandika mkeka mlangoni bila sababu yoyote. Asubuhi ya kwanza saa ilipotetema na kuandika Hongera, Ngadiman, hakufurahi.

“Niliona kama nimemnyang’anya,” anasema. “Halafu nikawaza, lini mara ya mwisho mtu kaniita kwa jina asubuhi? Kazini mimi ni ‘we mzee fungua’.”

Kipimo cha macho cha kazini ni mwezi ujao. Mkataba wa Wening unaisha baada ya mavuno, na amekwisha kumwambia baba yake kwamba akishuka uwanja wa ndege atapanda treni ya jioni. Treni hiyo hupita kivukoni kabla ya kufika stesheni. Ngadiman ameomba awe zamu siku hiyo.

“Kanuni inasema nisimame, niikabili treni mpaka behewa la mwisho,” anasema, akiinamisha baiskeli ya buluu ili aipande. “Nitasimama. Yeye atakaa dirishani upande wa kulia, tumekubaliana. Sitaki mtu aje aniambie binti yako amepita. Nataka nimwone mwenyewe.”