Utando Safi wa Wakesho

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya utafiti wa mifugo pale Voi, nilipokelewa pamoja na Wakesho, msichana wa Bura. Mkuu wa Maabara alifungua friji, akatuambia, "Hizi chupa ndogo ni kingamwili. Kila moja inashika protini yake tu. Mkizichezea, hatutaelewana."

Tulikuwa tukitafuta protini ya vimelea vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwenye damu ya ng'ombe wa Kasigau. Protini hutenganishwa kwenye jeli kwa umeme, huhamishiwa kwenye utando mweupe, kisha kingamwili humwagwa juu. Penye protini inayotafutwa, mstari mweusi hujitokeza. Utando usipooshwa vizuri, wote huchafuka kijivu.

Wangu ulichafuka. Wa Wakesho ulitoka safi. Nilimkazia macho akiosha, nikafuata kila alichofanya, na bado wangu ulichafuka.

"Huyu ana mkono," Mkuu alisema mbele ya wote. Mchana huo nilienda kula peke yangu.

Nafasi ya masomo Nairobi ilipotokea, ilienda kwake. Nilimsindikiza hadi steji, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Nilibaki, mkono wangu ukakomaa. Kisha ikaja chupa mpya ya kingamwili, na ghafla ng'ombe karibu wote wakaonekana wagonjwa. Mkuu alikuwa tayari kutoa ripoti; watu wangeuza ng'ombe wazima kwa bei ya kutupa. Lakini mimi kila mara niliweka pia damu ya ndama tuliyejua ni mzima. Naye alitoa mstari.

"Daktari, subiri," nikamwambia. "Si ng'ombe, ni chupa. Inashika protini nyingine."

Aliutazama utando, akaisimamisha ripoti. "Kazi nzuri," akasema. "Acha nimpigie Wakesho athibitishe."

Simu ilikuwa kwa spika. "Si ameshawaambia?" Wakesho akasema. "Kwani mnaniuliza mimi nini?"

Hata hilo liliniuma. Kumbe alikuwa na roho nzuri pia.

Sasa nimestaafu, nalima kabeji hapa Wusi. Vijana wa maabara hunipigia utando ukiwachafukia. Nawaambia wapunguze kingamwili, waoshe zaidi, na wasisahau damu ya mnyama mzima. Hufaulu, nami hufurahi kwelikweli. Juzi mmoja alinishukuru sana, kisha akaniomba namba ya Profesa Wakesho.

Nikamtajia, naijua kwa kichwa. Halafu nikarudi kupalilia, nikang'oa magugu na kabeji pamoja.