Sahani ya Peke Yake

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku nyingi za ujana wangu, maana ndiyo siku niliyomsimamia binti yangu kwa fimbo wakati wa chakula.

Tuliishi Kalenga. Mimi nilikuwa nanunua mpunga Chimala, na kila nikirudi nilileta mchele. Sekela, mwenye miaka mitatu, akazoea wali. Ugali na majani ya maboga akavisukuma pembeni. Aliyemzoeza ni mimi, lakini lawama nilimpa yeye.

Kwetu watoto hula sahani moja. Mimi, kwa kuwa nilifika sekondari, niliona huo ni ushamba. Nikamtenga na binamu zake tulioishi nao, nikampa sahani yake peke yake, nipate kupima anachokula. Jumapili hiyo alikaa na tonge shavuni mpaka ugali ukakauka. Nilipoinua fimbo akameza, kisha akatapika. Tangu hapo, akiniona naingia tu, anafunga mdomo, hata kwa wali. Akaanza kukonda. Zahanati walisema haumwi.

Mama yangu akaniuliza, "Baba Sekela, unalisha mtoto au unamhoji?"

"Mama, samaki mkunje angali mbichi."

"Sekela si samaki. Na wewe maharage hukuyagusa mpaka ulipoanza shule. Nani alikushikia fimbo?"

Akaiondoa sahani ya Sekela mbele yangu.

"Basi kaa kule, ule chako."

Akamrudisha Sekela kwa wenzake. Kabla ya kupika, alimketisha jikoni watoe nyuzi kwenye majani ya maboga. Mtoto aliyararua vibaya, na hakuna aliyemkosoa. Wakati wa kula hakuna aliyemtazama. Siku ya kwanza alikula ugali mtupu, ya pili vilevile. Kama siku ya saba hivi, binamu yake alipochota mboga nyingi, Sekela akamsukuma mkono. "Hiyo nimetengeneza mimi." Akala.

Nilikuwa mlangoni. Nilipoingia, akalirudisha tonge sahanini. Hilo linaniuma hadi leo. Nilikaa kwenye mkeka uleule, nikila kimya, tangu kupanda hadi kuvuna, ndipo akaacha kutazama kwanza mkono wangu kama una fimbo.

Kwa hiyo, mwanangu, mpe mtoto wako chakula cha nyumba nzima, kidogo, na akikataa usimpikie chake pembeni. Kesho mpe tena bila maneno. Bandu bandu huisha gogo. Biskuti za kabla ya chakula ziache dukani. Na hizo katuni za simu mnazomwashia ili afungue mdomo, zizime. Akuone wewe unakula. Akikonda, mpeleke zahanati kabla hujamwita mkaidi.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtoto, akisikia hatua zako wakati wa kula, atasogea kidogo mkekani ili nawe upate pa kukaa.